Timu ya mji mdogo inauzwaje? Funzo kutoka Moshi

Siku ambayo Simba au Yanga inacheza, panda kutoka Kwa Sadala kuelekea Masama uangalie vibanda umiza njiani. Vimejaa. Kijana aliyekosa benchi amesimama mlangoni, mwingine anachungulia dirishani, na kila mmoja amelipa kiingilio chake. Mechi yenyewe inachezwa Dar es Salaam au Mwanza, mamia ya kilomita kutoka hapa.

Uwanja wa Ushirika uko Moshi mjini, safari fupi tu ya gari. Kwa misimu minne mfululizo uwanja huo ulikuwa nyumbani kwa timu ya Ligi Kuu. Leo hauna timu ya daraja hilo. Katika makala hii tunaeleza ilikuwaje, timu ya kulipwa katika mji mdogo hupata wapi fedha, kwa nini nyingi huyumba, na nini kinaweza kufanyika ili mkoa wetu uwe na timu inayosimama kwa miguu yake.

Kilichotokea Moshi

Polisi Tanzania, timu ya Jeshi la Polisi, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 ikiutumia Uwanja wa Ushirika kama uwanja wake wa nyumbani. Mwisho wa msimu wa 2022/23 ilishuka daraja pamoja na Ruvu Shooting na kurudi Ligi ya Championship, ligi ambayo zamani tuliiita Daraja la Kwanza.

Timu ikishuka, hasara haiwi ya wachezaji peke yao. Simba, Yanga, Azam na timu nyingine kubwa huacha kuja mjini. Mama lishe wa karibu na uwanja anakosa siku zake za kuuza sana. Bodaboda, nyumba za kulala wageni na wauza jezi wanakosa wateja. Kijana wa Masama au Machame anayejua mpira anakosa mahali pa karibu pa kujaribu bahati yake, inabidi afikirie Dar es Salaam.

Mkoa wa Kilimanjaro, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.8. Kwa hiyo watu wapo. Na wanaopenda mpira wapo pia, vibanda umiza ni ushahidi. Kinachokosekana ni kamba inayowafunga watu hao na timu iliyo jirani nao.

Fedha za timu hutoka wapi?

Tuanze na msingi. Timu ya kulipwa ina mifuko mitano ya mapato.

Wa kwanza ni kiingilio cha mlangoni. Wa pili ni haki za matangazo ya televisheni. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, liliingia mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Timu za Ligi Kuu hupata mgawo wake, na timu ikishuka daraja, mgawo huo unaikimbia. Wa tatu ni udhamini: kampuni inalipa ili jina lake likae kifuani mwa jezi au pembeni mwa uwanja. Wa nne ni mauzo ya wachezaji. Wa tano ni wanachama na mashabiki wanaolipa ada na kununua jezi, skafu na kofia.

Timu nyingi ndogo hutegemea mfuko mmoja tu, mara nyingi udhamini au mwenye timu. Mfuko huo ukitoboka, mishahara inachelewa, wachezaji wazuri wanaondoka, timu inaanza kufungwa, watu wanaacha kuja uwanjani, na mdhamini anayetafuta macho ya watu naye anakimbia.

Hapo ndipo kazi ya kuitangaza na kuiuza timu inapoeleweka vibaya. Viongozi wengi hudhani kazi hiyo ni kupeleka barua kwa kampuni kubwa za Dar es Salaam. Lakini mdhamini hanunui timu, ananunua watu wanaoitazama. Jukwaa likiwa tupu, huna bidhaa ya kumuuzia. Mteja wa kwanza wa timu ya Moshi ni mtu wa Moshi, Hai, Rombo, Siha, Mwanga na Same. Kampuni inafuata baadaye.

Kwa nini mtu wa hapa haji?

Sababu ya kwanza tunaijua wote. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Ushabiki wake unarithiwa kama kihamba, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Wakubwa hao wanapokuja mkoani uwanja unajaa, lakini sehemu kubwa ya waliojaa wanawashangilia wageni. Kupambana na hilo ni kupoteza muda. Mtu anaweza kubaki Simba au Yanga wake na bado akawa na timu ya nyumbani ya kuipenda siku nyingine zote.

Sababu ya pili ni umiliki. Timu ya taasisi ina faida kubwa: wachezaji wengi huwa na ajira, na mishahara haitegemei kiingilio. Lakini shabiki hujiuliza, "Hii ni ya kwangu, au ni ya ofisi fulani?" Timu ya taasisi inaweza pia kuhamishwa. Tanzania Prisons, iliyozoeleka Mbeya, iliwahi kuhamia Sumbawanga msimu wa 2020/21. Mji unaweza kuamka na kukuta timu imeondoka, na hakuna aliyewauliza.

Sababu ya tatu ni umbali na muda. Mechi ikiisha jioni, mtu wa Masama Magharibi au Rundugai ana swali moja: nitarudi nyumbani na gari gani? Kama jibu halipo, atabaki kwenye kibanda umiza cha kijijini kwake.

Sababu ya nne inatuhusu sisi wa redio. Saa za michezo mara nyingi tunazijaza habari za Kariakoo: nani kasajiliwa, nani kaumia, msemaji kasema nini. Timu ya mkoani inapata dakika mbili za mwisho kama muda umebaki. Mtu hawezi kwenda kwenye mechi ambayo hajui kama ipo.

Waliojaribu wenzetu

Mbeya City ni mfano wa kwanza wa kuangalia. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikiwa timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na msimu huo wa kwanza ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Kilichowashangaza wengi kilikuwa watu wake. Rangi ya zambarau ilijaa Uwanja wa Sokoine, na mashabiki walipanda mabasi kuifuata timu mikoani. Jina lilikuwa la mji na rangi hazikuwa za mtu mwingine. Misimu iliyofuata matokeo yalipungua, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Ushindi ulileta watu haraka, lakini shamrashamra za msimu mmoja haziwezi kulisha timu miaka kumi.

Mfano wa pili ni Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi. Ruangwa ni mji mdogo kuliko Moshi. Timu hiyo ilipanda msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho nchini mwaka 2020, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Inaonyesha kwamba ukubwa wa mji siyo kikwazo pale viongozi wa eneo, wafanyabiashara na wananchi wanapoelekeza nguvu sehemu moja. Swali la kujiuliza siku zote ni kama nguvu hiyo itabaki viongozi wakibadilika.

Mfano wa tatu unauma. Novemba 2022, Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuvunja rekodi ya Yanga ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ililijua jina la Ihefu siku ile. Lakini mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali walibaki na kumbukumbu ya ushindi. Timu ikiwa mali ya mtu, mwenye mali anaweza kuihamisha, hata kama mmeishangilia kwa sauti gani.

Kenya kuna mifano miwili. Mwaka 2019 SportPesa ilisitisha udhamini wake wa michezo nchini humo wakati wa mgogoro wake na serikali kuhusu kodi na leseni. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote Kenya, zilijikuta kwenye shida kubwa ya fedha. Kama wakubwa walitikisika kwa kuondoka kwa mdhamini mmoja, mdogo atabaki na nini? Upande wa pili kuna Shabana ya Kisii. Ilikaa nje ya Ligi Kuu ya Kenya miaka 17, kisha ikarudi mwaka 2023, na watu wake wakaijaza tena Gusii Stadium. Miaka yote ile watu wa Kisii hawakuacha kuiita timu yao.

Nje ya Afrika, mfano unaofanana zaidi na asili yetu uko Marekani. Green Bay ni mji wa watu kama laki moja, mdogo kuliko Moshi. Una timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, Green Bay Packers, iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo bado inacheza ligi moja na timu za New York na Chicago. Siri yake ni kwamba tangu mwaka 1923 timu hiyo inamilikiwa na wananchi kwa hisa. Leo wenye hisa ni zaidi ya laki tano. Hisa hizo hazilipi gawio. Mtu ananunua ili timu isiuzwe wala kuhamishwa, na ili apate haki ya kupiga kura.

Jambo hili si geni mlimani

Ukilitazama vizuri, hilo la Green Bay linafanana na kitu tunachokijua. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Mkulima mwenye miti michache ya kahawa katikati ya migomba alikuwa na sauti kwa sababu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi. Hata jina la uwanja tunaouzungumzia ni Ushirika.

Lakini wazee wetu wanakumbuka pande zote mbili za ushirika. Wanakumbuka shule na barabara, na wanakumbuka pia nyakati za malipo kuchelewa na hesabu zisizoeleweka. Kwa hiyo atakayekuja kuomba michango ya timu hapa mlimani ajue anaongea na watu wenye uzoefu. Watu hawa watatoa, ila watataka kuona daftari.

Nini kinaweza kufanyika

*Wanachama kabla ya wadhamini.* Tuchukue hesabu ya mfano. Mechi moja yenye watu 500 wanaolipa shilingi 3,000 inaingiza shilingi 1,500,000, na mvua ikinyesha siku hiyo inaingiza pungufu. Wanachama 2,000 wanaolipa shilingi 1,000 kila mwezi kwa Lipa Namba wanaingiza shilingi 2,000,000, mvua inyeshe isinyeshe. Fedha hizo hazimalizi shida zote, lakini zinakuja kila mwezi, na orodha ya wanachama 2,000 wenye namba za simu ndiyo karatasi ambayo mdhamini ataisoma kwa makini.

*Usafiri uwe sehemu ya tiketi.* Timu inaweza kukubaliana na wenye Noah na Hiace wa Masama, Machame, Kibosho, Marangu na Boma la Ng'ombe: tiketi moja, kwenda, kuingia na kurudi. Gari linaondoka saa inayojulikana na linarudi mechi ikiisha. Kwa mtu wa kijijini hili lina uzito kuliko bango lolote barabarani.

*Kupanda mlimani badala ya kusubiri mjini.* Timu ifanye mazoezi ya wazi mara moja kwa mwezi kwenye kiwanja cha shule ya kata. Wachezaji wacheze na watoto na kula na wenyeji. Mtoto aliyepigiana pasi na golikipa hatalisahau jina lake, na atamsumbua baba yake ampeleke uwanjani.

*Kutumia Desemba.* Kila mwaka watu wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na nje ya nchi hurudi nyumbani Krismasi. Wateja wenye fedha wanakuja wenyewe kwa tarehe inayojulikana. Simba ilianzisha Simba Day mwaka 2009, na leo siku hiyo inajaza uwanja kabla ligi haijaanza. Timu ya Moshi inaweza kuwa na siku yake wiki ya Krismasi: mechi ya kirafiki, uuzaji wa jezi, na kuandikisha wanachama ambao wataendelea kulipa kwa simu wakirudi walikotoka.

*Wadhamini wadogo wengi.* Duka la Mangi, mashine ya kusaga, mwenye mabasi, hoteli ya watalii, wauza pembejeo. Kampuni moja ya milioni 50 ikiondoka, timu inaanguka. Wafanyabiashara 50 wa milioni moja moja, wakiondoka watano, timu inaendelea. Na hawa wadogo wanaishi hapa hapa. Wakiona mama lishe na wauza soda wanapata wateja siku ya mechi, wanaelewa faida bila kusomewa andiko.

*Kushirikiana na tukio ambalo tayari lina watu.* Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza miaka ya mwanzo ya 2000, huleta maelfu ya wakimbiaji Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kwa miaka mingi zimekuwa zikianzia na kuishia Uwanja wa Ushirika. Watu wanaoingia uwanja huo kwa ajili ya mbio wanaweza kuonyeshwa jezi ya timu na kuambiwa mechi ijayo ni lini.

*Taarifa ya uhakika kwenye simu.* Ujumbe mfupi siku mbili kabla ya mechi: nani na nani, saa ngapi, kiingilio bei gani, gari linaondokea wapi. Baada ya mechi, matokeo na picha kwenye kundi la WhatsApp la kata. Kama timu imefungwa, iseme imefungwa. Shabiki anavumilia kufungwa, havumilii kufichwa.

Kabla hujatoa shilingi yako

Ukiombwa kuchangia au kujiunga na timu yoyote, uliza maswali haya:

1. Timu imesajiliwa kwa jina la nani, na katiba yake iko wapi?
2. Mwanachama ana haki gani? Anapiga kura, au anapewa kadi tu?
3. Fedha zinaingia namba ya malipo au akaunti ya timu, au zinaingia simu ya mtu binafsi? Kama ni ya mtu binafsi, subiri kwanza.
4. Mapato na matumizi yanasomwa mara ngapi kwa mwaka, na mbele ya nani?
5. Mwenye timu akitaka kuiuza au kuihamisha, nani anaweza kumzuia?

Swali la tano ndilo watu wa Mbarali wangetamani kuwa nalo mapema. Kwa klabu za wanachama, kama Simba na Yanga, utaratibu uliowekwa wakati wa mabadiliko ya uendeshaji ni wanachama kubaki na asilimia 51 na mwekezaji kuishia 49. Timu ndogo inaweza kuweka kinga ya namna hiyo kwenye katiba yake tangu siku ya kwanza, wakati bado haina thamani ya kugombaniwa.

Kwa kifupi

Kupanda daraja ni kazi ya wachezaji na kocha. Kubaki huko ni kazi ya watu wengi wanaotoa kidogo kidogo na kuhesabiwa kama wenye mali. Moshi ina uwanja, ina barabara, ina watu, na ina historia ya ushirika wa karibu miaka mia. Timu itakayorudi Ligi Kuu kutoka hapa, iwe ya taasisi au ya wananchi, itadumu kama mtu wa Masama ataweza kusema "timu yetu" na kuonyesha kadi yake.

Sisi kwa upande wetu, kazi ya redio ni kutangaza ratiba ya timu za mkoa mapema na kuzipa muda wa kutosha hewani, hata wiki zile zinapofungwa. Tukishindwa hilo, tukumbusheni.